Meza ya uandishi ya Jumamosi, Ngamiani: inafaa nini, inakwama wapi

Mwanafunzi wa chuo aliyeko Tanga akikwama kwenye tasnifu ana njia tatu. Ya kwanza ni msimamizi wake, ambaye mara nyingi ana wanafunzi wengi kuliko saa za kuwasoma. Ya pili ni mtu wa steshenari anayeandika kazi za watu kwa malipo, akaziprinti na kuzifunga jalada, mwenye jina kwenye jalada asijue kilichomo ndani. Ya tatu ni kukaa na wenzake, wakasomana. Tathmini hii inahusu njia ya tatu: kundi la uandishi wa chuo linalokutana kila Jumamosi kwenye darasa la kukodi huko Ngamiani, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Kundi halina jina rasmi. Wanaohudhuria wanaliita meza, nasi tutaliita hivyo.

Kwa wenye haraka: upande wa wanafunzi ni mzuri, mzuri kuliko huduma nyingi za kulipia. Upande wa walimu bado mchanga, na ndio utakaoamua kama meza itadumu. Ukija na rasimu wiki tatu kabla ya tarehe ya kukusanya, utaondoka na kazi iliyonyooka na utakuwa umejifunza kuisoma mwenyewe. Ukija usiku wa kuamkia kukusanya, utapoteza nauli yako, kwa sababu hapa hakuna anayekusahihishia Kiingereza ukasubiri nje.

Wanaokuja ni wa aina nyingi. Wapo wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na ambacho wanafunzi wake wengi husoma huku wakiwa kazini, kwa hiyo hawana darasa la kila siku wala mwenzao wa kumwonyesha ukurasa. Wapo wa Chuo cha Utumishi wa Umma tawi la Tanga, wanaohangaika na ripoti za fildi. Wapo walimu wa sekondari wanaosoma shahada ya uzamili, na vijana wa vyuo vya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma waliorudi nyumbani kukusanya data. Wachache wanaandika kwa Kiswahili, hasa wanaosomea Kiswahili chenyewe; wengine wote wanaandika kwa Kiingereza huku wakijadiliana kwa Kiswahili. Mchanganyiko huo una faida yake. Mtu wa utunzaji wa kumbukumbu akisoma rasimu ya mtu wa elimu, hawezi kujifanya anaelewa neno ambalo halikufafanuliwa.

Mchango ni shilingi 3,000 kwa mwezi, unaokwenda kwenye kodi ya chumba, karatasi na chai. Gharama ya kweli ni kuprinti: kila anayesomwa analeta nakala nne za kurasa mbili, zenye nafasi mbili kati ya mistari. Hizo kurasa mbili ni maneno kama 500 hadi 600. Wapo wanaonung'unika kwamba ni kidogo, wanataka sura nzima isomwe. Waandaaji wamekataa, na tunawaunga mkono kabisa. Sura nzima ikiletwa, wasomaji huruka, hukimbilia koma na tahajia, kisha husema "iko vizuri tu". Kurasa mbili zinasomwa kila neno.

Utaratibu wenyewe ndio moyo wa huduma, kwa hiyo tuueleze kwa ukaribu. Watu hukaa wanne wanne. Kila mwandishi ana dakika 35. Dakika nane za kwanza rasimu inasomwa kwa sauti, na hapa kuna jambo ambalo makundi mengi hukosea: asiyesoma ni mwandishi. Anasoma mwenzake. Mwandishi akijisomea mwenyewe, sauti yake hujaza mapengo. Anajua alichokusudia, basi anakitamka hata kama hakipo kwenye karatasi. Mwenzake akisoma, hujikwaa palepale sentensi ilipopinda, hurudi nyuma, huvuta pumzi mahali pasipo na koma. Mwandishi kazi yake ni kutia alama ya penseli kila anaposikia kujikwaa huko. Baada ya hapo dakika tano za kimya: kila msomaji anaandika majibu ya maswali matatu. Aya hii inadai nini, iseme kwa sentensi moja. Nilipotea wapi. Ningeamini zaidi kama ningeona ushahidi gani. Kisha dakika 15 wasomaji wanazungumza na mwandishi amefunga mdomo. Saba za mwisho ni zake kuuliza.

Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda wageni. Mtu akiambiwa hoja yake haieleweki, mara moja huanza kuifafanua kwa mdomo, na ufafanuzi huwa mzuri kuliko kilichoandikwa. Tatizo ni kwamba mtahini hatakuwa na mdomo wa mwandishi pembeni. Kwa hiyo kwenye meza hii mwandishi akitaka kueleza, anaambiwa aandike hayo maneno pembeni mwa ukurasa. Mara nyingi hayo ndiyo maneno yaliyokosekana.

Na kwa nini maswali matatu yaandikwe kwanza, badala ya watu kuzungumza moja kwa moja? Sababu ni heshima. Kijana wa miaka 22 hawezi kumwambia mwalimu mkuu wa shule, mtu wa rika la baba yake, kwamba aya yake imempoteza. Atasema "shikamoo mzee, kazi nzuri", basi. Swali la pili limetungwa kumsaidia: hasemi "umekosea", anasema "samahani mzee, hapa nimepotea", na maneno hayo yako kwenye karatasi tayari. Mzee naye hukubali kwa urahisi zaidi, maana aliyepotea ni msomaji. Makundi ya uandishi yanayoiga vitabu vya nje bila kufikiria hili hufa ndani ya mwezi mmoja, yakiwa yamejaa sifa na hakuna aliyeandika upya hata aya moja.

Kanuni nyingine wanayoishika vizuri ni mpangilio wa vitu vya kurekebisha. Raundi ya kwanza hakuna kugusa sarufi. Hoja, ushahidi na mpangilio kwanza, lugha baadaye, rejea na mwonekano mwisho. Ukianza na lugha utapiga pasi aya ambayo kesho itafutwa, na ukishaipiga pasi utaionea huruma kuifuta.

Tuonyeshe kwa mfano. Mkoa wa Tanga ni mkoa wa mkonge, kwa hiyo aya za mkonge haziishi mezani. Nyingi zinafanana na hii:

"Mkonge ni zao muhimu sana tangu enzi na enzi. Baada ya uhuru zao hili lilikufa kwa sababu ya kutaifishwa kwa mashamba. Hivyo serikali inapaswa kulifufua."

Sarufi yake haina shida. Msomaji wa kwanza anauliza: enzi zipi? Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche ikitokea Florida, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Si zao la enzi na enzi. Msomaji wa pili anauliza: lilikufa lini? Uhuru ni 1961, na kilele cha uzalishaji kilikuwa 1964, zaidi ya tani 230,000. Zao haliwezi kufa kwenye kilele chake. Wa tatu anauliza: kutaifisha kulikuja na Azimio la Arusha la 1967, bei ilianza kushuka lini, na kamba za plastiki ziliingia sokoni lini? Baada ya maswali hayo, aya inaweza kuandikwa upya hivi:

"Uzalishaji wa mkonge Tanzania Bara ulifikia kilele mwaka 1964. Bei katika soko la dunia ilianza kushuka kabla ya Azimio la Arusha la 1967, wakati kamba za plastiki zilipokuwa zikichukua nafasi ya katani. Kutaifishwa kwa mashamba, basi, hakuwezi kubeba lawama peke yake. Swali la utafiti huu ni kwa kiasi gani usimamizi wa mashamba baada ya 1967 uliongeza kasi ya anguko lililokwisha kuanza."

Tazama kilichotokea. Hakuna neno gumu lililoongezwa. Tarehe tatu zilipangwa kwa mfuatano, madai yakapunguzwa, na kutoka kwenye mpasuko kati ya tarehe hizo likazaliwa swali la utafiti. Hilo ndilo linaloitwa pengo la utafiti kwenye miongozo ya vyuo, ambalo wanafunzi hulitafuta kwa kuandika "hakuna utafiti uliofanyika wilayani hapa". Kutokuwapo kwa utafiti wilayani si pengo. Pengo ni mahali maelezo yaliyopo hayatoshi.

Mapitio ya machapisho ni eneo la pili ambalo meza inalishughulikia vizuri. Ugonjwa wa kawaida unajulikana: fulani (2015) anasema hivi, fulani (2017) anasema vile, kurasa kumi na mbili. Dawa yao ni jedwali la safu sita kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa: mwandishi na mwaka, swali alilouliza, mahali, mbinu, alichokuta, na safu ya sita inayobeba uzito wote, anapingana na nani. Mtu akijaza vyanzo 12 au 15, safu ya sita inamwonyesha makundi mawili au matatu ya maoni. Aya zinaandikwa kwa kufuata makundi hayo. Ikiwa safu ya sita imebaki tupu kwa vyanzo vyote, basi mwandishi amesoma muhtasari wa juu tu, hajasoma makala, na anarudishwa kusoma. Tumependa ukali huo.

Kwenye sura ya mbinu kuna kosa moja linalojirudia kiasi kwamba waandaaji wamelibandika ukutani. Ni kanuni ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli: idadi ya watu wote igawanywe kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara kiwango cha kosa kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa watu 400 na kiwango cha kosa cha asilimia 5, hesabu ni 400 gawanya kwa (1 + 400 × 0.0025), yaani 400 gawanya kwa 2, jibu 200. Makosa ni mawili. La kwanza, mtu anaweka 5 badala ya 0.05, anapata sampuli ya watu wasiotimia hata mmoja, kisha anabuni namba. La pili ni baya zaidi kwa sababu hesabu inakuwa sahihi: mtu anatumia kanuni hii kuchagua watu wa kufanya nao mahojiano ya kina. Kanuni ni ya hojaji, ya kukadiria idadi kubwa kutokana na sehemu. Mahojiano ya kina yana mantiki yake, na watu 200 wa kuhojiwa saa moja moja hakuna mwanafunzi atakayewamaliza. Mtahini akiona hivyo anajua data imepikwa.

Rejea. Vyuo vingi vinataka mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, na nusu ya ugomvi unatokana na matoleo. Toleo la saba lilitoka 2019 na lilibadilisha mambo ambayo miongozo ya zamani inayozunguka kwenye simu bado inayafundisha kinyume: mahali pa uchapishaji hapaandikwi tena, na kazi yenye waandishi watatu au zaidi inafupishwa tangu mara ya kwanza inapotajwa, kwa jina la wa kwanza na "na wenzake" ukiandika Kiswahili. Kabla ya kubishana, fungua mwongozo wa chuo chako, kwa sababu vipo vilivyobaki kwenye toleo la sita, na anayekupa alama ni chuo chako. Tatizo jingine ni letu wenyewe: majina. Mwandishi wa Kitanzania mwenye majina matatu hutajwa kwa jina la kwanza ndani ya maandishi na kwa jina la mwisho kwenye orodha, au jina la baba linachukuliwa kuwa la ukoo katika chanzo kimoja na sivyo katika kingine. Msomaji anaona watu wawili. Meza ina zoezi zuri la dakika kumi: watu wawili, mmoja anasoma rejea zilizomo ndani ya maandishi, mwingine anaweka tiki kwenye orodha ya mwisho. Kinachobaki bila tiki upande wowote ni kosa. Linachosha, lakini halijawahi kukosa kitu.

Zoezi hilohilo sasa linafanya kazi nyingine. Programu za akili mnemba zinaandika rejea zinazovutia ambazo hazipo: jina la mwandishi la kweli, jarida la kweli, makala isiyowahi kuandikwa. Kwa hiyo kila kazi inayoletwa mezani, wasomaji wanachagua rejea tatu bila mpangilio na mwandishi lazima azionyeshe, kwenye simu au kwenye karatasi, zimefunguka. Sharti la pili ni kuja na rasimu za awali zenye tarehe. Mtu aliyeandikiwa kazi hawezi kuwa nazo. Hawamfukuzi, wanamwambia aanze na aya moja ya kwake. Tumeona sera kali zaidi kwenye vyuo zisizofua dafu kama hii.

Kuhusu Kiingereza chenyewe, hapa ndipo ilipo sehemu bora ya huduma yote. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila mhitimu wa sekondari wa jiji hilo, na walimu wakajikuta wanasoma maandishi ambayo hawakuwahi kuyaona. Mina Shaughnessy, mwalimu wa uandishi chuoni hapo, alikaa na insha 4,000 hivi za kupima kiwango cha wanafunzi wapya, na hitimisho lake la 1977 limebadilisha kazi ya ualimu wa uandishi: makosa ya wanafunzi hayakuwa fujo, yalifuata mantiki. Meza inalifanyia kazi wazo hilo kwa Kiswahili. Kiambishi a- hakina mume wala mke, kwa hiyo "he" na "she" vinabadilishana ndani ya aya moja. Nyumbani, mezani, shuleni, vyote vinabebwa na -ni moja, wakati Kiingereza kinataka "in", "on" au "at". Kiswahili hakina vibainishi vya "a" na "the", kwa hiyo vinadondoka au vinamwagwa kila mahali. Mwanafunzi akijua chanzo, anaweza kuwinda kosa lake mwenyewe. Kila mtu ana daftari dogo na wiki moja anawinda aina moja tu ya kosa katika kurasa zake mbili, kwa penseli, akianzia sentensi ya mwisho kurudi juu ili maana isimchukue. Aina moja kwa wiki. Ukimpa mtu makosa 40 yaliyozungushiwa wino mwekundu, atarekebisha yote 40 na wiki ijayo atayaleta tena.

Sasa upande ulio dhaifu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi walimu hubaki saa mbili zaidi, kulinganisha namna wanavyotoa alama. Wazo ni sahihi kabisa. Huwezi kujenga jumuiya ya uandishi kwa wanafunzi peke yao ikiwa kila mwalimu ana kipimo chake kichwani: mmoja anataka "mimi" ionekane kwenye tasnifu, mwingine akiiona anakata alama, mmoja anahesabu kurasa, mwingine anatafuta hoja. Mwanafunzi katikati yao anajifunza kumpendeza mtu, hajifunzi kuandika. Dawa inajulikana. Walimu wote wanapewa nakala tano zilezile zisizo na majina, kila mmoja anazipa alama peke yake kwa vipengele vitano (hoja, ushahidi, mpangilio, lugha, rejea), kisha alama zinaandikwa ubaoni pamoja. Palipo na tofauti kubwa ndipo pa kuzungumzia, na mwenye alama ya juu na mwenye ya chini wanaonyesha sentensi zilizowafanya waamue.

Zoezi hapa linaanza vizuri na kuharibika kwa sababu mbili. Nakala hazitolewi mapema, kwa hiyo walimu wanasoma haraka palepale wakiwa wamechoka na joto la mchana. Na alama zinatajwa kwa mdomo kwa mzunguko, badala ya kuandikwa kwenye karatasi kwanza. Mwenye cheo akitaja 62, wanaofuata wote wanatua kati ya 58 na 65. Hapo hakuna kilicholinganishwa. Karatasi ndogo iliyokunjwa ingemaliza tatizo hili, na haigharimu kitu.

Pungufu la pili la walimu ni kwamba hawaandiki. Mradi wa walimu wa uandishi ulioanzishwa na James Gray pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1974, ambao baadaye ulienea Marekani nzima, ulisimama juu ya sharti hilo: mwalimu wa uandishi naye aandike, na awasomee wenzake. Tanga haina haja ya kuona jambo hili geni. Gazeti la Kiongozi lilianza kutolewa na shule ya serikali ya Tanga mwaka 1904, na waliolijaza habari na barua walikuwa watu waliopita shuleni, wakiandika kutoka vituo vyao vya kazi. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wanyamaze dakika 15 wakikosolewa, huku yeye mwenyewe hajawahi kukaa kwenye kiti hicho, hajui anachowaomba. Walimu wawili wa meza huleta kurasa zao, na wanafunzi huwasikiliza tofauti kabisa.

La tatu ni kumbukumbu. Ratiba, orodha ya wanachama, nakala za mfano, yote yamo kwenye simu ya mwandaaji mmoja na kwenye kundi la WhatsApp ambalo mwongozo wa rejea unafunikwa na matangazo ya misiba na salamu za Ijumaa kabla ya jioni. Mwandaaji akihamishwa kikazi, meza imekwisha. Wanahitaji daftari kubwa la kaunta linalobaki chumbani, wasimamizi watatu wanaopokezana kwa mwezi, na faili la karatasi lenye rasimu za kwanza na za mwisho zilizotolewa kwa idhini ya wenyewe. Faili hilo lingekuwa na thamani kuliko kitabu chochote cha mbinu: mgeni angeona aya ya mkonge ilivyokuwa na ilivyokuja kuwa, kwa mwandiko wa mtu wa hapahapa.

Mambo madogo. Chumba kina feni mbili na moja haizunguki. Januari na Februari kaa upande wa dirishani. Mapumziko yamepangwa vizuri, kikao husimama kwa adhuhuri bila mtu kuomba. Makundi yanapozidi watu watano kwa sababu msimamizi mmoja hakuja, dakika 35 hazitoshi na wa mwisho anasomwa watu wakiwa wamekwisha kufunga mikoba. Hilo lirekebishwe: afadhali mtu aambiwe mapema asomwe wiki ijayo. Wanafunzi wa stashahada wanahitaji somo lao fupi la ripoti ya fildi, maana nusu saa ya kwanza ya mafunzo huegemea tasnifu na wao hukaa kimya.

Tunawapendekeza, kwa nguvu, kwa yeyote mwenye wiki tatu mbele yake na ukurasa uliokwisha kuandikwa, hata kama ni mbaya. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ndiyo ya wageni. Nenda kabla ya saa tatu uwahi kupangwa kwenye kundi. Beba nakala nne za kurasa mbili, penseli yenye kifutio, mwongozo wa uandishi wa chuo chako uliopakuliwa kwenye simu, na swali moja kuhusu rasimu yako uliloliandika juu ya ukurasa wa kwanza. Ikiwa swali lako ni "iko sawa?", libadilishe ukiwa bado njiani.